Mpaka Pilipili Zitakapokwisha

Daktari alimkataza mama yangu chumvi, na ndiyo sababu nilipanda pilipili. Naanza na hilo kwa makusudi, maana huku juu mlimani wapo wanaosema nilipanda kwa kiburi cha mjini, eti nilitaka kuwafundisha kilimo watu waliozaliwa chini ya migomba. Uongo mtupu. Mama alikuwa hali chakula. Presha ilishampiga mara moja, mguu wa kushoto ukawa unaburuta, na daktari alisema chumvi itammaliza. Mama naye akilitazama bakuli la mtori wa ndizi usio na chumvi kama vile amewekewa maji ya kuoshea vyombo, analisukuma, anageukia ukutani. Njaa nayo ingemmaliza vilevile. Nikaona nimtafutie kitu cha kumwasha ulimi.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Njoro, pale Moshi mjini, na kibarazani nilikuwa na miche kumi na mmoja ya pilipili mbuzi kwenye ndoo tupu za rangi. Mbegu nilipewa sokoni na mwanamke wa Kahe. Alinipasulia pilipili moja iliyoiva hadi ikalegea, akaniambia nizianike mbegu kivulini na nisijishike macho hadi kesho yake. Nilijishika. Nililia mchana kutwa, majirani wakadhani nimefiwa. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja wa Kihindi, alinicheka hadi akakaa chini, halafu akanipeleka uani kwake kunionyesha mpilipili wake ndani ya pipa. Shina lake lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wangu. Alisema aliupanda mwaka aliozaliwa mjukuu wake, na mjukuu sasa anasoma sekondari. Watu wanadhani pilipili ni zao la msimu kama maharage, alisema, wanaing'oa ikishazaa. Ukiipogoa na kuilisha vizuri inaishi. Nilimsikiliza kwa sikio moja tu, sikujua kwamba siku moja maneno hayo ndiyo yatakayokuwa yananitoa kitandani.

Mama alipolazwa nilihamia kijijini kumtayarishia nyumba. Mimi ni mtoto wake wa pekee, baba alishatangulia, na nyumba ilikuwa imebaki na kuku tu. Kihamba chetu si kikubwa. Kihamba ndilo shamba la nyumbani kwa sisi Wachagga: migomba juu, mibuni chini yake, nyumba katikati, na wafu wetu tunawazika humo humo. Baba amelala upande wa chini, kwenye kaburi la saruji lenye msalaba. Kando yake, upande wa kushoto, pana nafasi ya mtu mmoja. Hiyo ni ya mama. Tangu tumzike baba alikuwa anaifagia kila Jumamosi, anang'oa magugu, anaweka majani makavu ya mgomba ili mvua isiile. "Hapa ndipo kitanda changu," alikuwa ananiambia, bila huzuni yoyote, kama mtu anayekuonyesha chumba chake kwenye nyumba mpya. Nilikuwa namjibu aache uchuro. Ananitazama tu, anaendelea kufagia. Hakuna kitu kingine ambacho mama yangu aliwahi kukitaka duniani kwa nguvu kama hicho.

Basi nikapandisha ndoo zangu kumi na moja kutoka Njoro kwa gari la mizigo, nikazipanga ukutani. Baada ya wiki mbili nikaanza kuokota maua chini. Pilipili inataka jua, na kihamba ni kivuli kitupu: mgomba unaegemea mgomba, mparachichi umekaa juu ya yote. Majani yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, mazuri kutazama, lakini kila ua lililochanua liliangukia udongoni. Mama anakaribia kuruhusiwa kutoka hospitali, mimi nina majani. Hasira zangu ni za karibu, kila anayenijua anajua. Nilizunguka kihamba kizima na jembe begani nikitafuta jua kama mtu anayetafuta mwizi.

Nililikuta kwa baba. Mgrevilea mkubwa uliokuwa unafunika kaburi ulianguka kwa upepo mwaka uliotangulia, na pale mwanga ulikuwa unashuka tangu asubuhi hadi alasiri. Udongo mweusi, laini, unyevu wa mfongo unaopita jirani ukileta maji kutoka juu mlimani. Kulikuwa na tatizo moja. Sehemu nzuri kuliko zote, ule ukanda ulionyooka hatua chache kupita kaburi, ilikuwa imekaliwa na masale.

Masale kila Mchagga anayajua, na mimi nayajua. Ni mimea ya majani marefu iliyosimama kama walinzi, isiyokufa kwa ukame wala kwa panga. Ndiyo mpaka wetu. Ng'ambo ya masale yale kilikuwa kihamba cha baba mdogo, mdogo wake baba. Huku juu hakuna hati wala mawe ya serikali, kuna masale. Tena isale hilo hilo ndilo tunaloombea msamaha: ukimkosea mtu, hata awe amekuapia kifo, ukimpelekea jani la isale hana ruhusa ya kukukatalia. Nilijua yote hayo, jamani. Sikuwa mgeni. Lakini nilijiambia: mpaka nani asiyeujua? Kaburi si lipo? Nitayahamisha kwa muda tu, pilipili zikishashika nitayarudisha pembeni kidogo. Nikayang'oa yote saba kwa mikono yangu, na yalikuwa na mizizi mirefu, nilitoa jasho. Nikayalaza chini ya mparachichi, nikayafunika na udongo kidogo yasikauke. Kwenye mashimo yake, na mengine manne niliyochimba kando, nikatumbukiza samadi ya zamani na miche yangu. Mashimo saba yalikuwa tayari, nikaona hata bahati.

Nilipoinua kichwa baba mdogo alikuwa amesimama ng'ambo. Sijui alisimama pale kwa muda gani. Alikuwa na buti za mpira na panga mkononi, kama siku zote, na lile tabasamu lake la kanisani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Sijawahi kumsikia baba mdogo akipaza sauti. Hata mbwa huwa anamfukuza kwa kunong'ona. Alitazama miche, akatazama mashimo, akatazama masale kule chini ya mparachichi. Niliona macho yake yakihesabu.

"Na hayo masale?"

"Nitayapanda tena, baba mdogo. Ngoja hizi zishike."

"Usijisumbue," alisema. "Una mgonjwa wewe. Usijisumbue kabisa."

Nilimshukuru. Nakumbuka vizuri kwamba nilimshukuru kwa mikono miwili.

Mama alirudi, akawekwa chumba cha mbele kwa sababu hakuweza kutembea zaidi ya mlangoni. Na pilipili zikazaa, jamani, zikazaa! Sikuwahi kuona. Kwanza vifundo vya kijani, halafu njano, halafu nyekundu zilizokunjamana, zimening'inia chini ya majani kama taa za harusi. Nilikata moja nyembamba nikaikamulia kwenye mtori. Mama alionja, akakohoa, macho yakajaa maji, akaniangalia kwa hasira, akachota tena. Alimaliza bakuli. Nilikwenda jikoni nikalia, na safari hii hapakuwa na mbegu machoni.

"Umezipanda wapi?" aliniuliza siku ya tatu. "Kihamba chetu hakina jua."

"Kule chini, kwa baba."

Alicheka. "Baba yako hakupenda pilipili. Utamwamsha." Halafu akakunja uso kidogo. "Kwa baba upande upi?"

Nilimwambia ale kwanza.

Baba mdogo naye akawa mtu wa kwetu. Miaka yote aliingia kwetu Krismasi na msibani tu, sasa kila baada ya siku mbili nasikia hodi. Anamwamkia mama mlangoni, "Shemeji, umeamkaje," anauliza dawa zake, anauliza miguu, anauliza usingizi. Halafu ananiomba pilipili chache. Mimi namfahamu: hali pilipili, hata tangawizi kwenye chai anaitoa kwa kijiko. Lakini nani atamnyima baba yake mdogo pilipili? Nikitaka kwenda kumchumia anasema nikae na mgonjwa, njia anaijua. Anashuka mwenyewe. Anakaa huko muda mrefu kuliko wa kuchuma pilipili tano. Nikienda baadaye nakuta alama za buti zimezunguka kaburi, zimekwenda na kurudi, mstari ulionyooka, hatua sawasawa. Nilidhani anaomba dua kwa kaka yake. Nilimwonea hata huruma.

Siku moja nikagundua chini ya mparachichi hapana kitu, masale hayapo. Nikasema labda yameoza, labda mbuzi. Masale hayaozi, na mbuzi hayagusi. Nilijua, lakini mama alikuwa amevimba miguu wiki ile na sikutaka kujua. Mvua za masika zikaanza, zile za kwetu zinazonyesha kama zimesahau kuacha, na kwa karibu wiki tatu nilikuwa nashuka kwa haraka tu, nachuma, napanda juu na gunia kichwani.

Mvua zilipopungua nilishuka na jembe kupalilia. Nikaona kitu kimesimama mahali pasipo na kitu. Nilisimama mimi pia. Masale saba, kwenye mstari, yana majani mapya yanayong'aa. Hayakuwa ng'ambo ya kaburi. Yalikuwa huku, upande wa nyumba. Kutoka nyumbani unafika kwanza kwenye masale, ndipo kwa baba, ndipo kwenye pilipili zangu. Kaburi, nafasi ya mama, miche yangu kumi na mmoja, vyote vilikuwa vimeangukia upande wa baba mdogo.

"Yameshika vizuri," sauti ilisema. Alikuwa amekaa juu ya kisiki cha mgrevilea, panga magotini. "Masika haya yamesaidia."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama anajua kusoma. Nilimwita mwizi, na hilo ndilo lililokuwa la adabu kuliko mengine. Nikalishika isale la kwanza kwa mikono miwili nilitoe. Hakunyanyuka hata. Alininong'oneza kama anavyomnong'oneza mbwa.

"Ng'oa, mwanangu. Itakuwa mara ya pili. Ya kwanza niliiona peke yangu, hii nitamwita na jirani aje aone."

Nikaliachia isale.

Sikumwambia mama. Nilidhani nitayamaliza kimyakimya, sijui kwa njia gani. Lakini Jumamosi moja miguu yake ilikuwa na nafuu, akachukua fimbo na ufagio wake bila kuniambia, akashuka. Nilimkimbilia nikamkuta amesimama kwenye masale. Hakuwa amevuka. Mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeshika ufagio, anatazama kaburi lililo hatua tisa mbele yake.

"Nani amemhamisha baba yako?" aliuliza.

Nilimweleza. Nilimweleza yote, nimepiga magoti kwenye tope. Nilitamani anichape kwa ile fimbo. Mwisho akasema tu, "Kumbe ni kwa ajili ya mtori," akageuka, akaanza kupanda, na ufagio akauacha pale pale chini.

Wapo walionishauri kwenda kwenye baraza la ardhi. Mama alikataa. Kesi ya ardhi inaweza kuishi kuliko mtu mwenye afya, alisema, sembuse yeye, na hataki kuzikwa huku watu wameshikilia karatasi. Aliwataka wazee wa ukoo. Wakaja watano, wakakaa uani, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Mkubwa wao, babu mwenye jicho moja lenye ukungu, alitangulia kushuka kuona mpaka. Alikwenda moja kwa moja kwenye masale. Alilivuta la kwanza, halikutikisika. Akapapasa shina, akapapasa magamba yake. "Haya ni ya zamani," alisema. Na kweli yalikuwa ya zamani. Shina lilikuwa lile lile alilolipanda babu yangu, mahali tu ndipo palipobadilika.

"Yalikuwa kule!" nilipiga kelele. "Kule penye pilipili! Niliyang'oa mimi mwenyewe!"

Wote watano waligeuka kunitazama. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

"Wewe ndiye uliyeng'oa masale?" babu aliuliza polepole.

"Ndiyo, babu."

"Kwa mikono yako?"

"Ndiyo."

"Na aliyeng'oa masale," alisema, "leo ndiye atuonyeshe mpaka?"

Baba mdogo hakusema neno la kunishitaki. Alisema mimi ni mtoto, nilikulia mjini, sikujua. Alisema ni yeye aliyempa kaka yake mahali pa kulala, kwa mapenzi, na kaburi hataligusa, Mungu amwepushe. Ila hapo pembeni, kushoto, atajenga banda la ng'ombe. Tofali ziko tayari. Alionyesha kwa ncha ya panga ile nafasi ambayo mama alikuwa anaifagia. Mama alikuwa amekaa juu kwenye kiti, mbali, lakini niliona ameuona ule mkono.

Wazee walinena kwa Kichagga kwa muda mrefu. Uamuzi ukawa kwamba kuna kosa moja lililothibitika, nalo ni langu. Nichume jani la isale, nimpelekee baba yangu mdogo, nimwombe radhi. Masale yote yaliyokuwepo pale ni yale yale saba aliyoyaiba. Nikichuma pale, nimekubali kwamba hapo ndipo yalipo. Nikakataa. Nilisema afadhali nife. Nikasikia sauti ya mama kutoka juu, kavu:

"Chuma."

Nikachuma. Nilimpelekea, nikainama, nikasema maneno yanayotakiwa kusemwa. Alipokea kwa mikono miwili. "Aika, mwanangu," alishukuru. "Yamekwisha."

Lakini yule babu mwenye jicho la ukungu hakuwa mjinga. Kabla baba mdogo hajalikunja lile jani alimwambia: umepokea isale, huwezi kuondoka bila kutoa kitu. Huyu binti ana mazao yake yamesimama hapo. Basi hapo, kutoka kaburini hadi kwenye zao lake, hatasumbuliwa mtu. Mama yake akiitwa na Mungu wakati huo, alazwe kwa mumewe. "Mpaka pilipili zitakapokwisha," alisema. Akarudia kwa Kichagga ili asije mtu akasema hakusikia.

Baba mdogo alitabasamu. Alitazama miche yangu iliyojaa nyekundu, na nilijua anachofikiri: msimu mmoja, kama maharage. "Haina neno," alisema. "Mpaka zitakapokwisha."

Siku ile ile nilimpigia simu mwenye nyumba wangu wa Njoro. Nilimwambia anirudie kila kitu, polepole, naandika.

Tangu hapo sikulima pilipili, nililinda. Baada ya kila mavuno nilipogoa matawi kwa kisu nilichokichemsha, nikaacha shina na viwiko tu, hadi miche ikaonekana kama imekufa. Baba mdogo aliziona hivyo mara ya kwanza akaleta tofali, akazipanga kushoto kwa kaburi, safi, kona kwa kona. Wiki tatu baadaye viwiko vikatoa macho ya kijani. Tofali zikakaa. Nilimwaga majivu kwenye majani dhidi ya vidukari, niliosha kwa maji ya sabuni upande wa chini wanakojificha, nilifunika mizizi kwa majani makavu ya mgomba, wakati wa baridi ya Julai niliifunga miche yote kwa magunia kama watoto. Niliokota kila ua lililoanguka na kuliuliza sababu. Msimu wa pili zikazaa. Wa tatu zikazaa. Tofali ziliota ukungu wa kijani. Hodi za baba mdogo zikaongezeka, na sasa hakuwa anauliza tena usingizi wa mama. Alishuka moja kwa moja, akasimama, akahesabu miche kwa kidole. Midomo yake ilikuwa inatembea.

Mama alikuwa anaijua ile hesabu kuliko mimi. Kila asubuhi kabla sijamsalimu ananiuliza, "Zimeamkaje?" Namwambia zimeamka salama. Anaitikia, anakula mtori wake, anatoka jasho puani. "Mimi na pilipili tunashindana," alikuwa anasema, na kucheka, na mimi nacheka naye kwa sababu nifanye nini. Lakini kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Kuna asubuhi nilipokuwa napogoa nilijikuta namwomba Mungu, na nilipojisikiliza ninachoomba nikakitupa kisu. Nilikuwa naomba mwisho wa mama na mwisho wa pilipili isipishane sana. Namwombea mama yangu afe kwa wakati. Niliona haya, na bado naona. Siku iliyofuata niliomba hivyo hivyo tena.

Mwaka huu nilimpeleka mama kliniki mjini, tukalazwa siku mbili kwa vipimo. Tuliporudi nilisikia harufu kabla sijafika kaburini. Baba mdogo alikuwepo, mikono ya shati imekunjwa, koleo kando.

"Nimekusaidia, mwanangu," alisema. "Nimeziwekea mbolea. Ulikuwa umechoka."

Ilikuwa mbolea ya kuku, mbichi, bado ina moto, imerundikwa shinani kwa kila mche hadi kwenye matawi ya kwanza. Mtu aliyelima kahawa maisha yake yote anajua mbolea ya kuku mbichi inafanya nini kwenye mzizi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikosa tusi. Nilipiga magoti nikaifukua kwa vidole, nikafungulia maji ya mfongo yaoshe udongo, jioni nzima nachimba na kuosha, na yeye amekaa kwenye tofali zake, anasema pole, pole.

Siku ya nne majani yalikunjika. Siku ya sita yakaanguka yakiwa bado kijani. Nilipokwaruza magamba kwa ukucha nikakuta kahawia ndani, mche baada ya mche. Nilipogoa hadi chini, nikafunika, nikasubiri macho. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Mche wa mwisho kabisa, ule ulio karibu na nafasi ya mama, ulitoa jicho moja dogo. Kumi haikutoa.

Nilikwenda kwa yule babu kumuuliza. Alifikiri sana. Alisema mti mmoja ukisimama, zao limesimama.

Asubuhi iliyofuata mama aliniuliza kama kawaida, "Zimeamkaje?" Nilikuwa nimejiandaa kudanganya tena, nimerudia sentensi njiani kote. Lakini alinishika mkono kwenye kifundo, na ana nguvu bado mkono wa kulia.

"Umebaki mmoja," nilisema.

"Mzima?"

"Una jicho moja. Sijui, mama. Kwa kweli sijui."

Aliuachia mkono wangu. Nilikuwa nimeweka mtori mbele yake, na pilipili ya mwisho ya akiba juu yake, nimeikata nyembamba. Aliitoa kwa kijiko, akaiweka pembeni kwenye kisahani. Alionja mtori ukiwa hivyo hivyo, mtupu. Akaweka kijiko chini.

"Niletee chumvi," alisema.

Nilimwambia daktari amekataza. Nilimwambia chumvi itamuua.

"Ule mche bado umesimama, si ndivyo unavyosema? Basi lete chumvi, mwanangu. Usinicheleweshe."

Mkebe wa chumvi nimeufungia kabatini na ufunguo nimeuvaa shingoni. Kila kukicha nashuka kwanza kuutazama mche, ndipo naingia chumbani kwake na chakula. Haniulizi tena zimeamkaje. Namkuta ameshakaa kitandani, amenyoosha kiganja, ananisubiri.